Faili Lisilofunguka: Uchunguzi wa Fomati za Sauti na Hifadhi ya Masimulizi ya Kasongo na Kabambare

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa Kiswahili anayefanya kazi kusini mwa Maniema hakabiliwi tena na uhaba wa vinasa sauti. Simu ya mkononi, hata ile ya bei ndogo, aghalabu huja na kinasa sauti ndani yake. Masimulizi ya wazee wa Kasongo kuhusu mji wa kale wa Tongoni, nasaba za koo za Kabambare, nyimbo za harusi na mawaidha ya misibani, yote hayo yaweza kukaa katika kadi ya kumbukumbu iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Tatizo limehama. Sauti imekwisha kurekodiwa, lakini kadi ile inapofikishwa kwenye kompyuta ya chuo, kicheza muziki hutoa ujumbe kwamba fomati haitambuliki. Hapo mwenye kadi huambiwa kuwa faili lake limeharibika, naye hulifuta ili apate nafasi ya kurekodi jambo jingine.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo hutolewa kwa haraka mno. Faili linalokataa kufunguka mara nyingi ni zima; kilichopungua ni ujuzi wa kicheza muziki. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukifundisha kicheza namna ya kulisoma faili, wala si kulibadili faili lipate kumridhisha kicheza. Ili kulithibitisha dai hilo tutatumia, pamoja na mafaili ya simu, mfano wa sauti za michezo ya video, kwa kuwa wapenzi wa michezo hiyo ndio waliopambana zaidi na fomati zisizopokelewa, na njia waliyoifuata ina mafunzo kwa wanaisimu.

Umuhimu wa jambo hili kwa Kasongo na Kabambare hauhitaji maelezo marefu. Kasongo ya kale ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, na ya mwanawe Sefu, hadi ilipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Aprili 1893. Kabambare nayo ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikaelekea Nyangwe kwenye mto Lualaba. Kiswahili kilichosafiri kwa njia hiyo ndicho kilichozaa lahaja ambayo wengi huiita Kingwana. Waliosimuliwa habari hizo na babu zao wanazidi kupungua, na vita vya mwaka 1998 hadi 2003 pamoja na machafuko yaliyofuata vimewahamisha watu mara kwa mara kutoka vijijini mwao. Mzee aliyerekodiwa kisha akafariki hawezi kurekodiwa mara ya pili. Anayelifuta faili lake kwa kudhani limeharibika huifuta nakala ambayo pengine ilikuwa ya pekee.

2.0 Jina, Kasha na Kodeki

Ili kuelewa kwa nini faili hukataa kufunguka, yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo mazoea huyachanganya: jina la faili, kasha lake, na kodeki iliyomo ndani ya kasha.

Jina la faili huishia kwa herufi tatu au nne baada ya nukta, kama vile .wav, .mp3, .amr au .3gp. Herufi hizo ni mithili ya kiambishi tamati: zinadokeza aina ya faili, lakini haziithibitishi. Mwanasarufi wa Kiswahili analifahamu jambo hili vizuri. Nomino "kiongozi" na "kipofu" zina kiambishi cha KI-, lakini hatusemi "kiongozi kimefika"; twasema "kiongozi amefika". Umbo la nje limeelekeza upande mmoja, upatanisho umefichua ngeli iliyo kweli. Vivyo hivyo faili lenye jina linaloishia .mp3 laweza kuwa ndani yake ni AMR tupu, kwa sababu mtu fulani alibadili jina akidhani amebadili fomati. Kubadili jina hakubadili hata baiti moja ya sauti.

Kasha ni utaratibu wa kupanga yaliyomo: wapi sauti inaanzia, ina urefu gani, ina njia ngapi, na pengine jina la wimbo au tarehe. Kodeki ni kanuni iliyotumika kuigeuza sauti kuwa namba, na itakayotumika kuzirudisha namba hizo ziwe sauti. Tofauti ya kasha na kodeki inafanana na tofauti ya hati na lugha. Katika karne ya 19 barua nyingi za Waswahili ziliandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Msomaji wa Cairo angeweza kuzitambua herufi zote na kuzitamka, asielewe hata sentensi moja. Kicheza muziki kinachotambua kasha lakini hakina kodeki kimo katika hali ya msomaji huyo: kinalionyesha faili, kinataja hata urefu wake kwa dakika, kisha kinanyamaza.

Makasha na kodeki tutakazokutana nazo mara nyingi ni chache. WAV ni kasha lililotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, na kwa kawaida hubeba sauti isiyobanwa. 3GP ni kasha la simu za mkononi, na ndani yake huwamo kodeki ya AMR au ya AAC. Ogg ni kasha ambalo laweza kubeba kodeki ya Vorbis au ya Opus. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni Opus ndani ya Ogg, ingawa jina lake huishia.opus. AMR yenyewe ni kodeki ya usemi iliyopitishwa mwaka 1999 kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na yaweza kuhifadhiwa katika faili lake yenyewe lenye kichwa kifupi sana. Simu nyingi za bei nafuu hurekodi kwa kodeki hiyo, kwa sababu haili nafasi wala haisumbui betri.

3.0 Kijalizo na Kazi Yake

Kicheza muziki hakizaliwi kikijua fomati zote. Winamp, iliyotolewa mwaka 1997, na foobar2000, iliyotolewa mwaka 2002, zilijengwa kwa namna ambayo programu kuu huweza kuongezewa vipande vidogo vinavyofanya kazi maalumu. Vipande hivyo tutaviita vijalizo. Kijalizo cha kusoma fomati huiambia programu kuu: "Faili lenye kiambishi hiki nipe mimi." Programu ikipewa faili, hutazama kwanza kiambishi cha jina, kisha hutafuta kijalizo kilichodai kiambishi hicho. Kisipopatikana, ndipo ujumbe wa kukataa hutokea.

Kwa hiyo kukataa kwa kicheza kwaweza kuwa na sababu tano zilizo tofauti. Ya kwanza, hakuna kijalizo kinachoijua fomati. Ya pili, kijalizo kipo lakini hakikupakiwa, kwa kuwa hakilingani na toleo la programu. Mfano mzuri ni foobar2000: tangu toleo la 2.0 la mwaka 2023 programu hiyo hupatikana pia kwa biti 64, na vijalizo vya zamani vya biti 32 haviwezi kupakiwa humo. Ya tatu, vijalizo viwili vinadai kiambishi kimoja, na kisichofaa ndicho kinachotangulia kupewa faili. Ya nne, kijalizo kinalijua kasha lakini hakiijui kodeki. Ya tano, faili lenyewe halikukamilika. Ni sababu hii ya tano tu inayostahili kuitwa uharibifu, na hata hiyo mara nyingi ina tiba.

3.1 Funzo la michezo ya video

Makampuni ya michezo ya video hayakuwa na haja ya kutumia fomati zinazofahamika na watu wote. Mashine zao zilikuwa na kumbukumbu ndogo na vifaa vyake vya sauti vilikuwa vya pekee. Muziki nao ulipaswa kurudia bila kukatika kwa muda wote ambao mchezaji angebaki mahali fulani mchezoni. Hivyo kampuni ya CRI ya Japani ikawa na fomati yake ya ADX, mashine ya Wii ya Nintendo ikatumia BRSTM, na nyingine nyingi zikabuniwa. Ukizipeleka fomati hizo kwenye kicheza cha kawaida, zote hukataliwa.

Wapenzi wa muziki huo walikuwa na njia mbili. Njia fupi ilikuwa kugeuza kila faili kuwa MP3. Lakini katika kichwa cha faili la BRSTM mna namba mbili zinazoonyesha sauti irudie kuanzia wapi hadi wapi. MP3 haina desturi ya kubeba habari hiyo, hivyo mwenye kugeuza huipoteza. Wakachagua njia ndefu: waliunda programu iitwayo vgmstream, inayosoma mamia ya fomati za michezo, wakaitengenezea kijalizo cha Winamp na cha foobar2000. Faili likabaki kama lilivyotoka mchezoni. Kicheza ndicho kilichofundishwa.

Mambo mengine mawili ya vgmstream yanatufaa. Kwanza, pale ambapo faili la mchezo lina kiambishi .wav au .ogg na kijalizo cha kawaida hulinyakua kabla, watumiaji huandika .lwav au .logg katika jina ili faili lipite kwenye mikono inayostahili. Hapa kubadili jina kunafaa, kwa sababu lengo lake ni kuelekeza tu, si kugeuza. Pili, faili lisilo na kichwa chochote huwekewa pembeni faili dogo la maandishi, liitwalo TXTH, lenye mistari michache: kodeki ni ipi, sampuli ni ngapi kwa sekunde, njia ni ngapi, sauti inaanzia baiti ya ngapi. Kwa mistari hiyo faili lililokuwa bubu husema. Mtafiti wa masimulizi aone hapo kwamba maelezo machache yaliyoandikwa kando ya faili yaweza kuwa ufunguo wake miaka ishirini baadaye.

Lazima iongezwe kwamba si kila faili la muziki wa mchezo ni sauti iliyorekodiwa. Fomati ya PSF, inayotokana na mashine ya PlayStation, hubeba maagizo ya programu na noti, na kicheza hulazimika kuiga mashine yenyewe ili muziki upatikane. Faili kama hilo ni mithili ya utenzi ulioandikwa, siyo sauti ya mghani. Masimulizi ya Kasongo, kinyume chake, ni sauti ya mghani mwenyewe, na hakuna mashine iwezayo kuitunga upya.

4.0 Hatua za Uchunguzi

Tuchukue mfano wa kadi iliyoletwa kutoka Kabambare ikiwa na mafaili matatu: la kwanza linaishia .mp3, la pili .3gp, la tatu .wav. Yote matatu yamekataliwa na kicheza. Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio wake.

4.1 Nakala kabla ya jambo lolote

Mafaili yanakiliwe kwenye kompyuta, kisha kwenye diski nyingine, na uchunguzi wote ufanywe juu ya nakala. Kompyuta ikiuliza kama mtumiaji anataka kuifomati kadi, jibu ni hapana. Neno hilo la "kufomati" halina uhusiano na fomati ya sauti. Maana yake ni kuiandaa kadi upya kana kwamba haina kitu. Vilevile majina ya asili yaandikwe mahali kabla ya kubadilishwa, kwa kuwa simu nyingi huweka tarehe na saa ya kurekodi ndani ya jina.

4.2 Ukubwa wa faili

Ukubwa hueleza mengi. AMR ya kiwango chake cha juu, yaani kilobiti 12.2 kwa sekunde, huandika baiti 32 kwa kila sehemu ya sekunde 0.02. Hiyo ni baiti 1,600 kwa sekunde, au 96,000 kwa dakika. Faili la kwanza katika mfano wetu likiwa na baiti 2,880,000, na daftari la mtafiti likisema kuwa mzee alizungumza nusu saa, basi tayari tuna sababu ya kushuku kwamba si MP3 bali ni AMR. Faili la baiti 6 tu ni kichwa cha AMR kisichofuatwa na kitu: simu ilifungua faili lakini haikurekodi. Hapo hakuna kijalizo kitakachosaidia.

4.3 Kichwa cha faili

Faili lifunguliwe kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, na baiti za mwanzo zisomwe. Hapo ndipo upatanisho wa kisarufi unapojitokeza na kiambishi kikasahauliwa:

(a) Alama #!AMR mwanzoni: ni AMR. Ikiwa ni #!AMR-WB, ni AMR ya masafa mapana.
(b) Herufi ftyp kuanzia baiti ya tano: ni 3GP, MP4 au M4A.
(c) Herufi RIFF, na WAVE kuanzia baiti ya tisa: ni WAV.
(d) Herufi OggS: ni kasha la Ogg.
(e) Herufi fLaC: ni FLAC, ambayo hubana sauti bila kupoteza kitu.
(f) Herufi ID3: kwa kawaida ni MP3 yenye maelezo mbele yake.
(g) Sufuri tupu tangu mwanzo hadi mwisho: jina lilinakiliwa, yaliyomo hayakunakiliwa, au kadi imechoka. Turudi kwenye kadi ya asili na kujaribu tena kunakili.

Faili letu la kwanza, lenye jina la .mp3, linaanza kwa #!AMR. Jina la nakala lirudishwe kuwa .amr, na faili lipelekwe kwa kicheza kinachoijua kodeki hiyo.

4.4 Kodeki na kijalizo

Programu ya VLC, ambayo chimbuko lake ni kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris iliyoanza mwaka 1996, huja na kodeki zake ndani yake na haitegemei sana vijalizo. Kwa hiyo ni kipimo kizuri: faili likicheza ndani ya VLC, faili ni zima na tatizo liko kwa kicheza kingine. VLC pia huonyesha jina la kodeki. Kazi hiyohiyo hufanywa na FFmpeg, mkusanyiko wa zana ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000.

Kodeki ikishajulikana, kijalizo chake kitafutwe, na toleo lake lilinganishwe na toleo la programu kuu. Kikiwa kimepakiwa lakini faili bado linakataliwa, tutazame kama kuna kijalizo kingine kinachodai kiambishi kilekile. Kizimwe kwa muda, kisha tujaribu tena. Audacity, inayotumiwa sana kuhariri sauti, haifungui AMR mpaka iongezewe maktaba ya FFmpeg. Praat, programu ya uchanganuzi wa fonetiki iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, haisomi AMR. Kwa ajili ya Praat nakala ya kazi ya WAV itengenezwe, na faili la AMR libaki kuwa asili.

4.5 Faili lililokatika

Faili la pili katika mfano wetu, la .3gp, lina ftyp mahali pake na ukubwa unaoridhisha, lakini hata VLC imelikataa. Katika mazingira ambamo simu huchajiwa kwa paneli ya jua au kwa jenereta ya jirani, sababu inayofaa kufikiriwa mapema ni kuzimika kwa simu katikati ya masimulizi. Kasha la 3GP lina faharasa, iliyo katika sehemu iitwayo moov, ambayo simu nyingi huiandika mwishoni, wakati mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Simu ikizimika kabla, sauti yote imo lakini faharasa haimo. Ni kitabu kizima kisicho na namba za kurasa. Zipo programu zinazoweza kuijenga upya faharasa kwa kutumia faili jingine zima, lililorekodiwa na simu ileile, kuwa kielelezo. Kwa sababu hiyo mtafiti asimrudishie mwenye simu kifaa chake kabla ya kurekodi nacho dakika moja ya mfano.

AMR yenye faili lake yenyewe ni stahimilivu zaidi. Kila sehemu yake ya sekunde 0.02 hujitambulisha, hivyo faili lililokatika hucheza mpaka pale lilipokatika.

Faili la tatu, la .wav, lina RIFF mwanzoni, lakini kicheza kinasema urefu wake ni sekunde sifuri. Hapa pia kinasa kilizimika kabla ya kuandika urefu katika kichwa. Audacity ina njia ya kuingiza data ghafi, yaani baiti bila kutegemea kichwa chake. Mtumiaji mwenyewe huiambia sampuli ni ngapi kwa sekunde, kila sampuli ina biti ngapi, na njia ni ngapi. Akipatia, sauti ya mzee hutoka. Asipopatia, pengine atasikia mvumo tu, au, jambo lililo baya zaidi, atasikia sauti iliyo karibu na kweli.

5.0 Sauti Inayosikika na Kudanganya

Hatari hii ya mwisho inamhusu mwanaisimu kuliko mtu mwingine. Tuseme faili lilirekodiwa kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, nalo likasomwa kana kwamba ni 11,025. Maneno yatafahamika, ila kila kitu kimeharakishwa mara 1.38. Mzee ambaye kidatu chake ni hezi 120 atasikika kwa hezi 165. Irabu zake zote zitahama mahali pake katika mchoro wa fomanti. Irabu ndefu itapimwa kuwa fupi. Uwiano wa toni ya juu na ya chini utabaki, hivyo msikilizaji hatashtuka, lakini vipimo vitakavyochapishwa vitakuwa vya mtu asiyekuwapo.

Kibangubangu cha Kabambare ni lugha yenye toni. Anayetaka kulinganisha matamshi ya wazungumzaji wa leo na maelezo ya A. E. Meeussen, yaliyochapishwa Tervuren mwaka 1954, anahitaji sauti inayoaminika. Kabla ya kupima chochote, urefu wa rekodi ulinganishwe na muda ulioandikwa katika daftari la utafiti. Tofauti ya robo saa katika saa moja haiwezi kuelezwa kwa uzembe wa saa ya mkononi.

6.0 Kilichopotea Hakirudi

Yapo mambo ambayo kijalizo chochote hakiwezi kuyarudisha. AMR ya masafa finyu ilikusudiwa kubeba sauti kati ya hezi 200 na 3,400 tu. Sehemu kubwa ya nguvu ya kikwamizo /s/ iko juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo katika rekodi ya namna hiyo "saa" na "faa" hutenganishwa kwa msaada wa muktadha kuliko kwa sikio.

Kwa Kasongo jambo hili lina uzito. Mmoja anaweza kuuliza kama wazee wa koo za Waungwana hutamka "thelathini" kwa /th/ ya pwani au "selasini" kwa /s/, na kama husema "dhahabu" au "zahabu". Ni swali halali katika historia ya Kingwana. Lakini anayelijibu kwa kusikiliza mafaili ya AMR ya masafa finyu anajibu kwa ushahidi ambao haumo. Mafaili hayo yatampa msamiati, sarufi, mpangilio wa masimulizi, majina ya watu na mahali; kuhusu /th/ na /s/ afadhali anyamaze, au arudi kwa msemaji akiwa na kinasa bora.

Wala kugeuza AMR kuwa WAV hakuongezi kitu. WAV ya njia moja, yenye sampuli 48,000 na biti 16, huchukua baiti 96,000 kwa sekunde moja, yaani sawa na zile ambazo AMR hutumia kwa dakika nzima. Maji ya mtungi hayaongezeki kwa kumiminwa katika pipa. Na anayegeuza AMR kuwa MP3 hupunguza kilichosalia, kwa kuwa kodeki ya pili nayo ina yake ya kutupa.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ujumbe wa "fomati haitambuliki" ni taarifa kuhusu kicheza kabla haujawa taarifa kuhusu faili. Kwamba jina la faili si ushahidi. Na kwamba mpangilio wa nakala, ukubwa, kichwa, kodeki na kijalizo hutenganisha faili zima na lililokatika, na lililokatika na lililo tupu. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Mosi, faili la asili lihifadhiwe jinsi lilivyotoka kwenye simu, hata kama hakuna kicheza chuoni kinacholisoma leo. Nakala za WAV ni za kufanyia kazi tu.

Pili, kando ya kila faili pawekwe faili la maandishi matupu lenye mahali, tarehe, lugha, aina ya simu, kodeki, sampuli kwa sekunde, urefu wa mazungumzo, na ridhaa ya msemaji.

Tatu, pale ambapo mtafiti ana hiari ya kuchagua, arekodi kwa WAV ya sampuli 48,000. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza kiwango hicho, pamoja na biti 24, kuwa cha chini katika kuhamisha sauti za kaseti na tepu kwenye kompyuta. Lakini kama kifaa kilichopo ni simu ya AMR pekee na mzee yuko tayari kusema, arekodi. Sauti finyu ni bora kuliko kimya.

Nne, nakala irudishwe kwa wenyewe, na irudishwe katika fomati ambayo simu zao zinaisoma. Hifadhi itakayokipa chuo WAV safi na kuiachia familia ya msemaji faili ambalo simu yake inalikataa, itakuwa imelihamisha tatizo kutoka chuoni hadi Kabambare. Kabla ya kukabidhi, mtafiti aichezeshe nakala hiyo kwenye simu ya mwenyeji, mbele yake, tangu mwanzo hadi mwisho.